Kupanda Milima kwa Baiskeli: Niliyojifunza Kati ya Chimwaga na Saranda

Mtu anayeijua Dodoma kwa kuipita na basi atakwambia ni tambarare. Dirishani anaona uwanda, mibuyu, mashamba ya zabibu na vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja kwa mbali. Panda baiskeli ndipo utaujua mji huu. Barabara uliyodhani imelala kumbe inapanda polepole, na juu ya mpando huo kuna upepo. Sehemu kubwa ya mwaka upepo wa hapa hutoka mashariki na kusini-mashariki, na ikifika Agosti na Septemba unavuma mpaka vumbi linakwaruza kwenye meno. Mimi nakaa mjini na nafanya kazi Chuo Kikuu cha Dodoma, kule vilimani Chimwaga, upande wa mashariki. Kwa hiyo asubuhi napanda huku upepo uko usoni, jioni nateremka ukiwa mgongoni.

Nilianza kwa sababu ya presha. Daktari alisema dawa niendelee nazo, lakini mwili nao ufanye kazi, na mimi kwa miaka arobaini na kitu niliyonayo nilikuwa mtu wa daladala mlangoni na kiti ofisini. Wewe mwenye presha, matatizo ya moyo au pumu, muone daktari kwanza kabla hujamuona muuza baiskeli. Hili nalisisitiza, kwa sababu mlima hauna mzaha na moyo.

Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia kwa shilingi 280,000. Muuzaji alinionyesha rangi, kengele na taa. Kabla msimu haujaisha nilikuwa nimebadilisha cheni, friweli (yale meno ya gurudumu la nyuma yanayoshika cheni), waya za gia, mipira ya breki na tairi la nyuma, na jumla yake ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia. Anayenunua mtumba aitenge fedha hiyo mapema. Baiskeli iliyochoka inavumilika tambarare. Mlimani kila kilicholegea kinajitokeza, kwa sababu hapo ndipo unapokanyaga kwa nguvu zote.

Fundi wangu wa karibu na soko la Majengo alinifundisha kukagua cheni kwa rula ya shule. Unaweka sifuri ya upande wa inchi katikati ya pini moja ya cheni, unaangalia pini inayoangukia inchi 12. Kwenye cheni nzima, pini hiyo inakaa sawasawa kwenye mstari. Ikiwa imepita mstari kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni. Ikipita sehemu moja ya nane, cheni peke yake haitoshi tena, meno ya friweli nayo yameliwa, na cheni mpya itaruka juu yake. Ya kwangu ilikuwa inaruka. Unapokanyaga kwa uzito wako wote, cheni ikaruka, mguu unadondoka chini na kifua kinakwenda kwenye usukani. Niliumia ubavu kwa namna hiyo, na kwa wiki nzima kupiga chafya ilikuwa adhabu.

Mafuta ya cheni kwa Dodoma yawe machache. Watu wengi wanamiminia mpaka yanachuruzika, kisha vumbi letu linayageuza kuwa kama msasa. Tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, halafu futa kwa kitambaa mpaka nje ya cheni pakauke. Mafuta yanayofanya kazi ni yale ya ndani.

Hayo ni ya chombo. Ya mwili yalichukua muda mrefu zaidi.

Wiki za mwanzo nilikuwa naishia katikati ya mpando. Nashuka, naegemea usukani, moyo unagonga hadi masikioni, na daladala za wanafunzi zinapita zimejaa macho. Iliniuma sana. Nilifikiri ni umri, nikafikiri ni uzito, nikafika mahali pa kufikiri kwamba kuna watu wameumbwa kupanda na wengine hawakuumbwa. Baadhi ya majirani nao walikuwa na lao la kusema juu ya mama mtu mzima kuendesha baiskeli. Asubuhi fulani nililia kweli, nimesimama kando ya lami.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kigogo anayeleta maziwa mjini alfajiri na kurudi kwao na vidumu vitupu. Baiskeli yake ni Phoenix ya zamani, haina gia hata moja. Alinikuta nimesimama, naye akashuka. "Mbukwenyi," akasema, kisha akaendelea kunisalimia kama wazee wa hapa wanavyosalimia: nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, mmeamkaje, kazi inakwendaje. Kila jibu lilinitoka nusu. Alisubiri mpaka nikapumua, ndipo akasema: "Mwanangu, unauingia mlima na mwendo wa bondeni. Nenda mwendo ambao mimi nikikusalimia, unaitikia mpaka mwisho. Salamu ikikukatikia, punguza."

Sijawahi kupewa kipimo kizuri kuliko hicho. Mapafu na moyo vina kiwango chao cha kupeleka hewa kwenye misuli. Ukikanyaga zaidi ya hapo, mwili unaendelea kwa mkopo: mapaja yanawaka, pumzi inakuwa fupifupi, na deni hilo linahitaji dakika kadhaa za mwendo mwepesi ili lilipwe. Tambarare utapata mahali pa kulipia. Mlimani hupati, ukipunguza unakaribia kuanguka, usipopunguza unazidi kukopa. Ndiyo maana mtu anapasuka katikati na si mwanzoni. Kosa lilifanyika kule chini, miguu ilipokuwa bado ina raha.

Tangu siku ile theluthi ya kwanza ya mpando wowote naiendesha polepole kuliko ninavyojisikia. Inahitaji nidhamu, hasa mkiwa kundi, kwa sababu wenzako watakuacha na moyo utataka kuwafuata. Waache. Mara nyingi utawakuta juu kidogo wamesimama wanahema. Kwenye pumzi, mimi nahesabu kutoa kuliko kuvuta: natoa hewa taratibu mpaka iishe, na kuvuta kunajileta kwenyewe. Mtu aliyechoka huvuta, huvuta, bila kutoa vizuri, na kifua kinajaa hewa iliyotumika.

Sasa gia, maana mzee hana nazo na mimi ninazo, na kwa muda mrefu nilikuwa sizitumii ipasavyo. Hesabu meno ya baiskeli yako, kaa chini uyahesabu kweli. Yangu mbele ina 28, 38 na 48. Nyuma ilikuja na friweli ya meno 14 hadi 28. Ukiweka cheni kwenye 48 mbele na 14 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka mita saba hivi kwa gurudumu la inchi 26. Ukiweka 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja ni mita mbili na ushee. Mimi nilibadilisha friweli nikaweka yenye jino kubwa la 34, na sasa gia yangu nyepesi kabisa inanisogeza mita 1.7 tu kwa mzunguko. Inaonekana kidogo, lakini nikizungusha mara 70 kwa dakika naenda kilomita saba kwa saa, ambayo inamshinda hata mtembea kwa haraka, na goti halilii. Katika fedha zote nilizotumia kwenye baiskeli hii, za friweli ile ndizo zilizonifaa zaidi. Muulize fundi kwanza kama kihamisha gia cha nyuma kinaweza kufikia jino kubwa hivyo, si vyote vinavyoweza.

Hamisha gia kabla ya kuihitaji. Simama siku moja kando ya barabara ya malori mahali mlima unapoanza na usikilize. Dereva mzoefu hangoji injini ianze kukoroma. Unasikia anashusha gia lori likiwa bado kwenye tambarare. Na wewe fanya hivyo. Ukihamisha gia mguu ukiwa umekandamiza kwa nguvu zote, cheni inalalamika, inaweza kunasa au kukatika. Ukichelewa na mlima umeshakubana, kanyaga kwa nguvu mizunguko miwili baiskeli ipate kasi kidogo, legeza mguu nusu mzunguko, hamisha hapohapo, endelea. Gia ya mbele ihamishe mapema zaidi, ile haipendi kabisa kubanwa. Na usiache cheni imekaa upande, kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja, inalika haraka na huwa imejivuta mno.

Kusimama juu ya pedali kuna wakati wake. Unapata nguvu ya uzito wa mwili na mgongo unanyooka, lakini mapigo ya moyo yanapanda kwa mwendo uleule, kwa sababu sasa miguu inabeba mwili pia. Mimi hukaa kwa sehemu kubwa ya safari, nasogea nyuma kidogo ya kiti, mikono nimeilegeza, viwiko vimekunjwa. Nasimama pale tu panapokuwa na mgongo mfupi wa barabara, au makalio yanapokufa ganzi. Kabla ya kusimama naongeza gia moja nzito, la sivyo pedali inadondoka ghafla. Kwenye changarawe usisimame, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuzunguka bure.

Goti langu la kulia liliniuma mbele, chini ya kifuniko, kwa muda mrefu. Nilimuona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikapumzishwa, na yeye ndiye aliyeniuliza kuhusu kiti. Fundi alikuwa amekishusha kwa kunihurumia, ili nikisimama miguu yote miwili iguse chini. Wanawake wengi na wazee tunashushiwa hivyo. Kiti kikiwa chini, goti linakunjika mno kila mzunguko, na ukiongeza gia nzito na mlima, linalipa. Kipimo rahisi ni hiki: kaa kitini ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke kabisa bila nyonga kuyumba. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndipo panapofaa. Pandisha kidogo kidogo ili uzoee. Utashuka kwa kuinama upande badala ya kutua miguu miwili, unazoea.

Upepo nao ni mlima usioonekana. Siku za upepo mkali nashusha gia moja zaidi ya kawaida, nainamisha kifua na kukubali kuchelewa. Kwa miezi ile ya Agosti na Septemba natoka nyumbani mapema, kabla jua halijapata nguvu, maana alfajiri upepo mara nyingi huwa umetulia. Mzigo naufunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, siubebi mgongoni. Tambarare kilo tano husikii sana. Kwenye mpando kila kilo unainyanyua mwenyewe mpaka juu, kwa hiyo chaja, viatu vya ofisini na vitabu vinalala kazini. Na mbigili, ile miiba ya pembe pembe iliyo pembezoni mwa kila njia hapa, usiombe. Beba tyubu ya akiba, viraka na pampu, na ukishaitoa tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha, mwiba uliobaki utakutoboa tena hatua mia mbele.

Kushuka na kusukuma ni sehemu ya kupanda. Mzee wa maziwa akifika penye mwinuko mkali hushuka mapema, akiwa bado na pumzi, na husukuma kwa mwendo usiokatika: mkono mmoja kwenye usukani, wa pili nyuma ya kiti, mwili umeinama mbele. Mimi nilikuwa nashuka nikiwa nimekwisha, nikasimama dakika tano, naye akawa ameshapotea juu. Kwenye njia ya vumbi isiyo na magari mzee hupanda kwa kukata upande huu na ule. Njia inakuwa ndefu na mwinuko unapungua. Barabarani kwenye magari usithubutu.

Mwaka uliofuata, wenzangu watatu wa kazini tuliamua kwenda Manyoni. Barabara ya Singida inapita Bahi, penye mbuga na mashamba ya mpunga, halafu Kintinku, kisha inaukabili ukingo wa Bonde la Ufa na kupanda kupitia maeneo ya Saranda na Sukamahela. Reli ya Kati nayo inaupanda ukingo huohuo. Tulilala Kintinku ili tuanze mpando asubuhi na mapema, na naamini huo ndio uamuzi uliotuokoa. Anayetaka kuunganisha kutoka Dodoma siku moja atafika chini ya ukingo amechoka, saa ambayo lami inachemka.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea. Tulikuwa tunaelekea magharibi, upepo mgongoni, na kila mmoja alifurahi. Tulipoanza kupanda, mwendo ukashuka hadi ukalingana na upepo wenyewe, na hewa ikasimama kabisa. Hakuna kinachopuliza usoni, jasho halikauki, linatiririka tu. Joto lile lilinitisha kuliko mwinuko. Mwenzetu mmoja aliacha ghafla kutoka jasho, akasema anaona kizunguzungu na kichwa kinagonga. Tulimweka kivulini, tukamvua kofia na koti la kuakisi, tukamwagia maji shingoni, kwapani na kifuani, tukampepea kwa khanga yangu na kumnywesha kidogo kidogo. Alirudi hali yake, lakini hatukumruhusu kupanda tena, tulimsimamishia gari la watu wema likampeleka Manyoni na baiskeli yake, na huko akaenda hospitali kuangaliwa. Kama angeanza kuchanganyikiwa maneno tungetafuta gari la hospitali papo hapo, huku tukiendelea kummwagia maji.

Kwa hiyo maji. Maji matupu kwa saa nyingi za jasho hayatoshi, chumvi inatoka pia. Mimi hununua pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, duka la dawa, moja kwa lita moja ya maji, na hubeba karanga zenye chumvi, ndizi na ubuyu. Chakula kizito nakula masaa mawili au matatu kabla; ugali na mlenda ukiwa bado tumboni, mlima utaurudisha. Kunywa kabla ya mpando na penye afueni, kwa sababu ukiwa kwenye mwinuko mkono mmoja hautoshi kushika usukani.

Malori kwenye njia ile ni mengi, yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Yanapanda taratibu, na utaona vijana wanashika nyuma ya lori wavutwe. Nakusihi usishike. Dereva hakuoni, na akifunga breki huna pa kwenda. Vaa koti la kuakisi, weka kioo cha pembeni, na ukisikia malori mawili yanataka kupishana mahali ulipo, toka kwenye lami kabisa usimame. Dakika moja tu. Vazi langu ni suruali chini ya gauni fupi, na pindo la mguu wa kulia nalifunga kwa mpira lisiingie kwenye cheni.

Tulipofika juu tulikumbatiana barabarani kama watoto. Presha yangu, kwenye kipimo kilichofuata, ilikuwa imeshuka kuliko miaka mingi iliyopita, ingawa dawa bado natumia.

Kurudi tulipanda basi. Elewana na konda bei ya baiskeli kabla haijaingia kwenye buti, sisi tulilipa shilingi 10,000 kila moja. Toa gurudumu la mbele, ilaze upande wenye cheni ukiwa juu, kihamisha gia kizungushie nguo nene, na simamia mwenyewe mpaka mlango wa buti ufungwe, kwa sababu gunia la vitunguu likiwekwa juu yake utashuka na gia zilizopinda.

Julai, Mungu akipenda, tunakwenda Iringa kupitia Mtera. Baada ya Izazi kuna Nyang'oro, mpando wa kona na malori, na tumekubaliana kulala chini yake ili tuuanze kukiwa na baridi. Mwenye gia nyepesi, au asiye nayo ila yuko tayari kusukuma, aje. Tutakwenda kwa mwendo wa kusalimiana.